Nimemdanganya baba kuhusu maabara, na Ijumaa natakiwa kujibu

Shikamoo Mama Mshauri,

Safu yako naisoma usiku nikiwa ndani ya gari, kabla sijaingia nyumbani. Leo nimeona na mimi niandike, maana sina mtu wa kumwambia bila habari kufika kanisani kabla ya Jumapili.

Nina miaka 21. Nilizaliwa kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, kule Kasulu. Wazazi wangu ni Wabembe wa Fizi, mashariki mwa Kongo, walivuka Ziwa Tanganyika kwa mtumbwi wakati wa vita. Mwaka 2018 tuliletwa Marekani, na sasa tunaishi Kentucky: baba, mama, mimi, mdogo wangu wa kike mwenye miaka 17, na wavulana wawili wa shule ya msingi. Baba anakata kuku kiwandani. Mama ana kisukari, na tangu mwaka jana figo nazo zimeanza kumsumbua. Mimi nasoma baiolojia mwaka wa pili, chuo kikuu cha hapahapa mjini, nalala nyumbani.

Mwezi wa kwanza mwalimu wangu wa kemia alinikalia kooni niombe nafasi za utafiti wa kiangazi. Ni zile programu zinazolipiwa na Wakfu wa Taifa wa Sayansi, NSF. Chuo kinachukua wanafunzi wachache wa shahada ya kwanza, wengi kutoka vyuo vingine, wanakaa maabara wiki kumi wakifanya utafiti na wanalipwa posho. Niliomba nane. Saba wamenikataa au wamenyamaza. Moja imenikubali, jimbo la mbali, mwendo wa ndege. Posho ni dola 6,500, bweni bure, tiketi juu yao, chakula juu yangu. Jibu wanalitaka Ijumaa ijayo. Barua pepe yao iliponifikia nilikuwa na mama kwenye foleni ya dawa. Nikaizima simu kama mtu aliyeletewa habari za msiba.

Kiangazi kilichopita nilifanya kazi ghalani, zamu ya usiku, dola 18 kwa saa, saa 40 kwa wiki, wiki 12. Mkopo wa gari la baba, dola 410 kwa mwezi, naulipa mimi. Na mama akienda hospitali, mkalimani ni mimi. Siku moja nilikuwa na mtihani, wakampa mkalimani wa simu, mtu wa Kenya kwa lafudhi yake. Alipozungumza habari za figo, mama akasikia mafiga. Aliporudi akaniuliza, "Mafiga yangu wameyaona wapi, huku tunapikia umeme?" Tulicheka mpaka machozi. Baada ya wiki mbili nikagundua kwamba siku ileile waliagiza kidonge kimoja kipunguzwe, na mama alikuwa bado anameza kama zamani. Tangu hapo sijakosa kwenda naye hata mara moja, na mwezi wa saba ana miadi miwili.

Nilijaribu kuwaambia mezani. Baba akauliza huko nitasoma nini. Nikasema maabara niliyopangiwa inachunguza hamira. Akaweka kijiko chini. "Hamira? Hii ya maandazi?" Akacheka kweli, mabega yanatikisika. "Yaani tulivuka ziwa usiku ili mwanangu akaangalie hamira!" Wote wakacheka, hata mimi. Lakini niliogopa, nikasema, "Ni lazima, baba. Chuo kimeamuru. Bila hiyo sihitimu." Si kweli. Hakuna lazima yoyote.

Baba hakubisha. Kesho yake akaomba zamu ya Jumamosi, na sasa anakata kuku siku sita. Kila usiku anatumbukiza mkono wa kulia kwenye beseni la maji ya moto yenye chumvi, vidole vimekakamaa, na mimi niko palepale namwona. Mdogo wangu naye, taa zikiwa zimezimwa, aliniambia, "Wewe unakwenda, mimi nabaki kuwa wewe."

Mama Mshauri, nataka kuwa mtafiti. Kambini nilikuwa namfuata mama zahanati ili nikikodolee macho kile kipimo cha malaria: tone la damu, halafu kungoja kama mstari wa pili utatokea. Nilitaka kujua ndani ya kile kiplastiki kuna nini. Nikiikataa nafasi hii sitapata nyingine, nitazeekea ghalani. Nikiikubali, mimi ni mwizi wa jasho la baba. Nifanyeje?

Mwenye uwongo mmoja, Kentucky


JIBU

Marahaba, mwanangu.

Kwenye mafiga nilicheka peke yangu jikoni. Nilipofika kwenye kidonge nikaacha, na kwenye beseni nikaiweka simu mezani nikatulia kidogo.

Umeniuliza uende au usiende. Mimi katika barua yako naona pesa, naona ulimi wa mama, na naona lile neno "lazima" ulilomwambia baba, vyote umevifunga mzigo mmoja. Ukiwa umefungwa hivyo hauinuliki. Tuufungue.

Tuanze na pesa, kwa sababu naona umeziogopa kabla hujazihesabu. Dola 18 mara saa 40 mara wiki 12 ni dola 8,640 kabla ya kodi. Programu ni ya wiki 10. Ghala likikubali kukuchukua kwa zile wiki mbili zinazobaki, utapata dola 1,440. Jumlisha na posho, inakuwa 7,940. Pengo ni dola 700. Sisemi ni kidogo, hiyo inakaribia miezi miwili ya mkopo wa gari, na bado hujanunua chakula cha wiki kumi ambacho nyumbani ungekula sufuria moja na wenzio. Lakini nadhani kichwani mwako pengo lilikuwa kubwa kuliko hilo.

Tabu yenyewe iko kwenye tarehe. Mshahara wa ghalani unauzoea kuingia kwa vipindi vifupi. Posho za namna hii mara nyingi hutolewa kwa mafungu, na fungu la kwanza laweza kuchelewa wakati mkopo wa gari haujui kungoja. Mwandikie mratibu wa programu leo hii: fungu la kwanza linaingia tarehe ngapi? Tiketi mnanunua ninyi, au nanunua mimi mnanirudishia? Usione haya, wanaulizwa maswali hayo kila mwaka. Ujue pia kwamba posho kama hiyo huhesabiwa mapato, na mara nyingi haikatwi kodi mapema. Usije ukaituma yote nyumbani halafu mwakani ukadaiwa huna kitu. Na kama nyumbani mnapata msaada wa chakula au bima ya serikali, muulize anayeshughulikia faili lenu posho itahesabiwaje. Uliza kabla ya kusaini.

Sasa mama. Hapa sitaki kukupa moyo kwa maneno matupu, maana kidonge kile kingeweza kumdhuru. Lakini kuna jambo sijui kama mnalijua pale nyumbani. Hospitali inayopokea fedha za serikali kuu ya Marekani, na karibu zote zinapokea, inawajibika kumpa mama yako mkalimani bila malipo. Msingi wake ni Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964, na sheria ya bima ya afya ya 2010 ikaukazia. Nesi hamfanyii mama hisani. Yule wa simu ndiye alikuwa haki hiyo yenyewe, ila ilitolewa vibaya. Mnaweza kudai itolewe vizuri: siku kadhaa kabla ya miadi mpige simu mseme mama anataka mkalimani wa Kiswahili cha Kongo, au wa Kibembe akipatikana, na ikiwezekana awepo chumbani. Kabla mkalimani hajaondoka, mama arudie maagizo ya dawa kwa maneno yake mwenyewe, na orodha ya vidonge aipewe kwenye karatasi. Wewe unaweza kusikiliza kwa simu ukiwa hukohuko maabara, mradi umeaga mapema. Miadi ya figo msiiahirishe kwa sababu ya safari yako bila daktari kusema inafaa. Na haya yote yanaweza kuharibika. Mkalimani anaweza asije, au aje anayesema Kiswahili cha Lamu. Fanyeni majaribio miadi moja kabla hujaondoka: wewe ukae kimya kwenye kiti, umwache mkalimani afanye kazi, halafu nyumbani umuulize mama ameelewa nini.

Na mdogo wako asirithi kiti hicho. Taratibu za hospitali huko hazitaki mtoto chini ya miaka 18 atumiwe kama mkalimani isipokuwa pana dharura. Lakini yale maneno yake, "nabaki kuwa wewe", hebu yarudie tena taratibu. Hakukwambia usiende. Amekuambia kwamba hapo nyumbani kuna kazi isiyo na jina, kwamba kwa miaka yote hii umeifanya wewe, na kwamba yeye amekuwa akikutazama. Mkalie kitandani umuulize ni sehemu gani ya "kuwa wewe" inayomtisha. Pengine kuwapikia wavulana si shida. Pengine anachoogopa ni ile karatasi ya daktari.

Nikuulize na lingine, usikasirike. Je, inawezekana kwamba kuwa ulimi wa mama kumekuwa ndiyo nafasi yako katika nyumba ile, na sehemu ya woga wako ni kurudi Agosti ukute wamejifunza kuishi bila wewe? Kama sivyo, liruke swali hili. Niliuliza kwa sababu na mimi nilikuwa mtoto wa kwanza.

Twende kwa baba. Umejiita mwizi wa jasho lake. Kwa ninavyojua, mwizi ni yule anayechukua bila mwenyewe kuulizwa, na hapo ndipo penye kidonda: baba yako hajaulizwa. Alitania kuhusu hamira, wewe ukafunga mlango kabla hajasema neno la pili. Wanaume waliowahi kuvuka ziwa lile usiku na watoto mgongoni hutania hivyo, ndivyo wanavyopumua. Hukumpa nafasi ya kukataa, lakini pia hukumpa nafasi ya kukubali. Sasa anakata kuku Jumamosi akidhani bila hivyo binti yake hatahitimu. Akijua ni hiari, anaweza kukasirika. Anaweza kuiacha zamu ile akapumzisha mkono. Anaweza pia kuendelea nayo kwa kupenda mwenyewe, na hilo litakuwa jambo jingine kabisa, japo mkono utauma vilevile.

Anaweza pia kusema hapana. Usiende kumwambia ukweli ukidhani ukweli utakulipa. Akikataa, utabaki na neno la mzazi mkononi, utii au usitii, na kwa umri wako wa miaka 21 sheria ya nchi hiyo haikulazimishi lolote ila nyumba yenu ina sheria zake. Fikiri hilo kabla hujakaa naye. Lakini fikiri na upande wa pili. Ukimwacha aamini ile "lazima", atajivuna nayo, atamwambia mzee mwenzake ambaye mwanawe anasoma chuo hichohicho. Kanisani kwenu, kwa ulivyonieleza, habari hazisubiri.

Ukikaa naye, usiikimbie hamira. Kabla ya safu hii nilifanya kazi miaka mingi maabara ya hospitali, na mara moja nilitembelea chumba wanachokuza hamira kwa utafiti. Kinanuka alfajiri ya mama muuza maandazi, nakuambia kweli. Mwaka 1996, mwaka uleule kambi ya Nyarugusu ilipofunguliwa, wanasayansi wa nchi nyingi walitangaza kwamba wamemaliza kusoma vinasaba vyote vya hamira, kama 6,000 hivi. Ilikuwa mara ya kwanza kazi hiyo kukamilika kwa kiumbe ambacho seli yake ina kiini kama ya kwetu. Halafu kuna Mjapani, Yoshinori Ohsumi. Aliinyima hamira chakula, akaitazama kwa darubini, akaona jinsi seli yenye njaa inavyovunja vipande vyake yenyewe na kuvitumia ili iishi. Mwaka 2016 kazi hiyo ikampa Tuzo ya Nobel ya tiba. Sidhani baba yako, katika aliyoyaona, atashindwa kuelewa habari ya kitu kinachojila kidogokidogo ili kifike kesho.

Ila usimwahidi kwamba utaponya figo za mama. Wiki kumi hazimtibu mtu. Wiki mbili za kwanza utajifunza kushika pipeti, kile kifaa cha kuvuta na kupima matone, mpaka kidole gumba kiume, na kuandika majina kwenye mirija midogo kuliko kucha. Wiki ya nne jaribio lako linaweza kuota ukungu na uanze upya. Atakayekuelekeza kila siku huenda akawa mwanafunzi wa uzamivu mwenye haraka zake, profesa mwenyewe ukamwona kwa nadra. Jioni bweni litakuwa kimya, na Kiswahili utakisikia kwenye simu tu. Wengine hurudi nyumbani wakisema utafiti si kazi yao, na wiki kumi ni bei nafuu ya kulijua hilo. Wengine hurudi na profesa mmoja anayewajua kwa jina na anayeweza kuwaandikia barua. Hiyo barua ina uzito baadaye, kwa sababu masomo ya uzamivu wa sayansi Marekani kwa kawaida karo hulipiwa na mwanafunzi hupewa posho ya kujikimu. Baba yako huenda anadhani "kusoma zaidi" maana yake ni madeni, kama ilivyo kwa wanaosomea udaktari wa hospitali. Umeshamweleza tofauti hiyo?

Umesema ukikataa hutapata nyingine. Hilo nalitilia shaka. Uko mwaka wa pili, na programu hizi huchukua wanafunzi ambao hawajahitimu, kwa hiyo kiangazi kijacho bado ni chako. Na yule mwalimu wa kemia aliyekukalia kooni ana jirani zake wenye maabara. Muulize kama kuna kazi ya kulipwa ya saa chache kwa wiki, hapohapo mjini, unalala kwenu. Wengi walianza kwa kuosha vyombo vya kioo. Lakini sitakuapia kuhusu mwakani. Mwaka 2025 Taasisi za Taifa za Afya za Marekani zilifuta programu yao ya kiangazi, na wanafunzi waliokuwa wakiingojea wakabaki wanatazamana. Na wewe mwenyewe umepata moja katika nane.

Hapa niwajibu na wengine kabla hawajaniandikia kutoka Dar na Nairobi: programu hizi za NSF ni za raia wa Marekani na wenye ukaazi wa kudumu. Huyu binti bila shaka ana kadi yake ya ukaazi, ndiyo maana ameweza kuomba. Ninyi tazameni Chuo cha Sayansi na Teknolojia cha Okinawa kule Japani, au chuo kikuu cha KAUST kule Saudia, ambao huchukua wanafunzi wa mataifa mbalimbali na kulipa posho. Maswali ya hayo mniletee kwa barua nyingine.

Turudi kwako. Kuhusu Ijumaa, unaweza kumwomba mratibu siku tatu nne zaidi. Wengine hukubali, wengine hukataa, kuuliza hakukuondolei nafasi. Ukikataa, kataa mapema, maana yuko mwanafunzi kwenye orodha ya kungoja anayekodolea simu kama ulivyokuwa ukikodolea kile kipimo. Ukikubali, usije ukajitoa mwezi wa tano, kiti kitabaki kitupu na hakuna atakayefaidika nacho.

Kwa hiyo wiki hii una barua ya mratibu, una mazungumzo ya kitandani na mdogo wako, na una baba. Sikupangii kipi kianze. Ila ningekuwa jirani yako, baba ningemwendea usiku, wakati mkono uko kwenye maji na hana pa kwenda, na ningebeba birika la maji ya moto ya kuongezea. Mama naye asisahauliwe. Katika barua yako yote umeniambia anaumwa wapi, anameza nini na alichekesha vipi, lakini hujaniambia yeye anasemaje kuhusu safari.

Ukishajibu Ijumaa, lolote utakalojibu, niandikie mistari miwili. Nataka kujua na baba alisema nini ulipolirudia lile neno "lazima".